Mlango Nimefunga, Spika Imeingia Dirishani

Mathayo sura ya sita imenishinda, na lawama sitaki kubebeshwa. Yesu aliposema kwamba mtu akitaka kuomba aingie chumbani, afunge mlango na azungumze na Baba yake sirini, alikuwa anaongea na watu ambao jirani yao hakuwa na amplifaya. Mimi niko Kola, huku Machakos. Nilijenga nyumba yangu hapa kwa pesa za uzeeni, nikapanda minyaa kuizunguka, nikadhani nimestaafu. Muda si muda kanisa la mabati likaota upande wa pili wa minyaa.

Mlango nafunga. Dirisha nafunga. Mke wangu huziba mwanya wa chini kwa gunia. Lakini mabati ya kanisa yanaongea na mabati ya nyumba yangu, na kila nikipiga magoti kando ya kitanda niombe mambo yangu mawili matatu ya faragha, najikuta nimeitikia amina ya mtu anayekemea pepo la madeni. Kuna usiku nilianza kwa kuliombea goti langu linaloniuma, nikamaliza kwa kuwafunga mapepo wote wa Athi River. Sijui hata walinikosea nini.

Spika ni nne. Mbili zinatazama upande wa Muumandu, moja inatazama mtoni, na ya nne inatazama kitanda changu. Nilimuuliza mzee wa kanisa sababu.

"Mwalimu, hiyo ni ya wale ambao hawajaokoka."

"Na mimi?"

"Tunakuombea, Mwalimu."

Sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinasema kwamba usiku, kuanzia baada ya saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, mahali pa ibada pasizidi desibeli 35. Hiyo ni sauti ya wazee wawili wakinong'onezana habari za shamba la mtu wa tatu. Niliichapisha kanuni hiyo mjini Machakos, nikamletea mzee wa kanisa. Aliisoma yote, mpaka jedwali la mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema hiyo ni ya Nairobi.

Basi kesha huendelea. Kwenye bango huandikwa kwamba linaanza saa tatu usiku kamili. Saa tatu usiku kamili, fundi wa vyombo ndiyo kwanza anauliza ni nani aliyeazima waya. Kutoka saa tatu hadi saa nne tunasikia testi. Testi, testi. Bwana asifiwe, testi. Moja, mbili, Bwana asifiwe, hii ya kushoto hailii. Saa nne kwaya inafika. Saa tano anafika mwenye ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo, ambaye wamekuwa wakiimba bila yeye na bila vitabu, na anapofika wanaanza upya.

Marehemu John Mbiti, mtoto wa Mulango kule Kitui, kasisi na msomi, aliandika kitabu mwaka 1969 akisema kwamba Mwafrika wa jadi aliishi ndani ya Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao, ukishapita miezi michache mbele, haukuwa na uzito wowote kwake. Wasomi wenzake walimrukia, na hata baada ya kifo chake mwaka 2019 hawajatulia. Ningewashauri wapande matatu waje kwenye kesha letu. Watakuta bango lenye saa tatu, ambalo ni Zamani. Watamkuta fundi na waya wake, ambaye ni Sasa. Mahubiri yenyewe yataanza lini, hilo Mbiti alishasema halina neno.

Yakianza, ni Yeriko. Karibu kila mara ni Yeriko. Pasta anawaambia vijana wapige kelele mpaka kuta zidondoke, na ukuta ulio karibu zaidi ni wangu. Mimi nimefundisha somo la dini maisha yangu yote ya kazi, na ningependa iandikwe mahali kwamba katika Yoshua sura ya sita watu waliamriwa wanyamaze. Siku sita walizunguka mji, makuhani wakipuliza tarumbeta, na mwananchi wa kawaida hana ruhusa ya kutoa neno kinywani. Kelele ilikuja siku ya saba, mzunguko wa saba, mara moja, basi, watu wakaendelea na shughuli. Sisi zile siku sita tumeziruka. Hata Yeriko ilipewa wiki nzima ya kujiandaa.

Pasta ni kijana mzuri. Nilimfundisha darasa la sita, kwa hiyo ananiheshimu na hanisikilizi. Siku moja nilimvizia pale dukani nikamkumbusha habari za Hana, mama yake Samweli, aliyeomba mtoto kule Shilo midomo ikicheza bila sauti kutoka, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Na mtoto akapata. Nikamwambia, kijana, siku hizi kwetu mambo yamegeuka, anayenyamaza kanisani ndiye anaambiwa ana tatizo. Alinisikiliza mikono ikiwa nyuma, kama alivyokuwa akifanya darasa la sita.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Lakini huko Shilo stima ilikuwa haijafika."

Mfungo nao unakuja Januari. Siku ishirini na moja, kwa mfano wa Danieli, zinazoanza palepale pesa za Krismasi zinapokwisha na karo ya shule kudaiwa, na sitasema zaidi juu ya hilo. Kwenye ile sura ya sita ya Mathayo imeagizwa kwamba anayefunga anawe uso na ajipake mafuta kichwani, watu wasimtambue. Kwetu mfungo una kikundi cha WhatsApp chenye picha ya mtu aliyepiga magoti jangwani, na kila asubuhi watu wanaripoti siku ya ngapi. Midomo haipakwi mafuta makusudi, ipasuke, ionekane. Nilienda kununua kiberiti, kijana wa duka akanirudishia noti yangu kwa unyonge: "Mwalimu, niko kwenye mfungo, siwezi kutafuta chenji."

Susu ndiye aliyenifurahisha. Susu kwa Kikamba ni nyanya; huyu ni nyanya wa jirani yangu, lakini Kola nzima inamwita Susu, hata wazee wenye mvi. Walimfuata nyumbani na daftari ajiandikishe. Akauliza huyo Danieli aliacha nini. Wakamwambia aliacha nyama, divai na vyakula vitamu, wiki tatu.

"Nyama mara ya mwisho ni Krismasi," akasema. "Divai sijaionja tangu nizaliwe. Vyakula vitamu mniambie ninyi ni vipi. Huo mfungo mimi niko ndani tayari, andikeni."

Kisha akawaeleza habari za mwaka 1984, ile njaa tuliyoiita Nikwa Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga. Wakati huo, alisema, tulifunga sote, hata ng'ombe. Vijana wakacheka wakidhani ni mzaha. Hawajui kwamba mfalme wa Ninawi naye, kwenye kitabu cha Yona, aliamuru ng'ombe na kondoo wasionje kitu, na amri ile iliandikwa kwenye Maandiko bila mtu kucheka. Waliondoka na jina la Susu kwenye daftari, namba ya mwisho, na hawajui kwamba yeye ndiye peke yake aliyefunga mwezi mzima. Wengine tulikuwa tukiwaona kwenye kibanda cha chapati saa kumi na mbili na robo jioni, wakimshukuru Mungu kwa pupa.

Tukija kwenye sadaka, hapo ndipo nahitaji kukaa chini.

Mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Ndivyo ilivyoagizwa. Kwetu mkono wa kushoto umeshika maikrofoni. Harambee ya paa inaanzia kwa wakubwa: fulani elfu ishirini, makofi, asimame tumwone, mama yake asimame, aliyemzaa asimame. Halafu elfu kumi. Halafu elfu tano, makofi yamelegea. Inapofika sehemu yetu wastaafu, watu wameanza kutafuta watoto wao na kukung'uta mikeka. "Mwalimu, mia mbili." Kimya. Kisha karani, kwa sauti inayofika Muumandu: "Mia mbili, ama elfu mbili?" Mia mbili. "Asante, Mwalimu, ni mia mbili, tusonge." Wale waliotuma kwa M-Pesa wanasomewa mpaka ile namba ya muamala, herufi moja moja, ili malaika wa kumbukumbu asije akakosea.

Nimesikia makanisa makubwa yameanza kuona haya, na nawapongeza. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Waanglikana alifunga mimbari, wanasiasa wasihutubie tena ndani ya ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Wakatoliki, Nairobi, alikataa mamilioni ya Rais yaliyotolewa katika kanisa la Soweto, akaagiza yarudishwe. Habari hizo zilipofika Kola tulizijadili sana. Kamati yetu ilikubaliana kwamba huo ni mfano bora wa kuigwa, mara tu paa litakapokamilika.

Harambee iliyopita Susu hakuwa na pesa. Alileta yai. Yai moja, limefungwa kwenye kitambaa, ganda lake lina rangi ya chai ya maziwa na unyoya mdogo umeligandia. Mwendesha mnada akaliinua juu na mambo yakamwendea vizuri. Mgombea mmoja wa udiwani akalinunua kwa mia tano, akalirudisha mezani liuzwe tena. Mwenzake wa upande wa pili hakukubali kushindwa mbele ya wapiga kura, akatoa mia saba, akalirudisha. Likazunguka, likauzwa na kuuzwa, likawa limelipa mabati kadhaa, na kila mnunuzi alisomwa jina lake lote na la ukoo. Jina la Susu halikusomwa, maana kwenye daftari la harambee kuna safu ya pesa na safu ya mbuzi, safu ya mayai hakuna. Nikamkumbuka yule mjane wa Marko kumi na mbili na sarafu zake mbili, na yule aliyekuwa ameketi kuelekea sanduku la hazina akiwatazama watoaji bila maikrofoni yoyote.

Watu walipokuwa wakitawanyika Susu alimfuata karani, akauliza kwa adabu kama wamemaliza na yai lake, kwa sababu alilitoa chini ya kuku anayelalia.

Halikupatikana.

Sasa, yote hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya nishike kalamu ni mhubiri mgeni. Alikuja kutoka Nairobi, suti ya manjano, viatu vyenye ncha, na gari ambalo vijana walikesha wakililinda badala ya kukesha wakiomba. Somo lake lilikuwa wale wajenzi wawili wa Mathayo saba, mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba na mpumbavu aliyejenga mchangani. Somo zuri. Tatizo ni kwamba njia nzima kutoka Machakos alikuwa akitazama simu, hakutazama mito.

"Mchanga ni umaskini!" akanguruma. "Mchanga ni ukame! Mchanga ni laana ya ukoo! Mwambie jirani yako: nakataa mchanga!"

Watu wa Kola ni wapole. Mgeni hasahihishwi. Wakageukiana, wakaambizana kwa sauti ya chini kwamba wanakataa mchanga, kila mmoja akiepa macho ya mwenzake. Susu alikuwa amekaa mbele yangu. Yule mama aliyekuwa kando yake alimgeukia amwambie, Susu akatikisa kichwa.

"Mimi siukatai," akasema. "Nitakunywa nini?"

Maana hapa kwetu mchanga ndiyo tangi. Mito yetu hupata maji misimu miwili kwa mwaka, yakishuka kwa hasira kutoka milimani saa chache, yakibeba kuku, masufuria na daraja, halafu kesho yake unavuka kwa viatu vya kanisani. Ukitaka maji yasiende yote baharini, unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto. Mvua ikija, mchanga ambao ni mzito unatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi linaruka juu na kwenda zake. Misimu ikipita, nyuma ya ukuta pamejaa mchanga mpaka juu, mgeni akiona atasema hapa hakuna kitu. Kumbe kati ya chembe na chembe kuna maji. Robo ya ule mchanga, pengine zaidi, ni maji matupu. Jua haliwezi kuyanywa. Mbu hawezi kutaga ndani yake. Ng'ombe hawezi kusimama katikati akafanya mambo yake. Unafukua kwa kibuyu kilichokatwa, unangoja kidogo, yanachujika yenyewe na kutulia.

Mzee Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kazi hii upande wetu huu mwaka 1978, wakati wengine tulikuwa bado tunafanya maombi ya mvua na kuishia hapo. Katika Maandiko Yoshua aliangusha ukuta. Wa kwetu alijenga, tena akafundisha watu kujenga, na kusema kweli kati ya hao wawili najua ni yupi ningependa awe jirani yangu.

Msinielewe vibaya, Yesu hakukosea. Aliyekosea ni suti ya manjano. Ukuta wenyewe wa kuzuia mchanga haujengwi juu ya mchanga. Ukithubutu, maji yatapita chini yake usiku mmoja na asubuhi utaukuta umelala kifudifudi. Ni lazima ukae juu ya mwamba. Na mwamba hauko pale juu ukikungoja. Luka, ambaye anasimulia mfano uleule, ana jambo ambalo Mathayo hakulitaja: yule mwenye akili alichimba, akaenda chini sana, ndipo akaweka msingi. Wahubiri hulipita hilo mbio. Mtu aliyewahi kushinda kwenye handaki la mto, mchanga ukimporomokea magotini, mgongo ukiwaka, akingoja jembe lake ligonge kitu na kulia ile sauti kavu ambayo kila mtu huacha kazi akasikiliza, huyo hahitaji kufafanuliwa Luka sita. Yesu alikulia nchi yenye makorongo makavu yanayojaa mara moja mvua ikinyesha. Naona alikuwa anatueleza sisi kabisa, na sisi tunaelezwa upya na mtu wa ghorofani.

Hata mmisionari wa kwanza kufika Ukambani alihubiriwa na mchanga kabla hajauhubiria. Johann Ludwig Krapf alikuja mara ya kwanza mwaka 1849. Aliporudi mwaka 1851 alifuatana na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, kuelekea Mto Tana. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Huyu ni mtu aliyekuwa ameshachapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka mmoja nyuma, huko Ujerumani. Hapo porini Kikamba hakikumsaidia kitu. Kiu ilikuwa inammaliza. Akafika kwenye mto mkavu, akasikia nyani wakipiga kelele, akajiambia nyani wakiwapo mahali pa chini namna hii, maji yapo. Akafuata mkondo, akakuta shimo walilolichimba mchangani, na ndani yake maji. Aliinama akanywa, akamshukuru Mungu, kisha akajaza chochote chenye tundu: pembe ya baruti, kifuko cha darubini, hata mitutu ya bunduki. Daktari wa lugha kutoka Ujerumani, mwalimu wake nyani. Sijawahi kumsikia mhubiri yeyote akilitumia hilo, na ni bure.

Baada ya ibada ile nilikwenda mtoni, kwa sababu palikuwa na utulivu na kwa sababu nyumbani kulikuwa na wageni wa mhubiri wakila kuku wangu. Akina mama walikuwa kwenye shimo la maji wakingoja zamu, na gumzo lilikuwa mahubiri. Mmoja akasema yeye humpenda zaidi yule mwanamke Msamaria wa Yohana nne, ila wahubiri wanamaliza saa nzima kwenye wale waume watano. Mwingine akasema, mimi ninachoshangaa ni mwanamume anayekuja kisimani bila ndoo na kuanza kuomba maji, hao tunawajua. Wakacheka. Susu alikuwa amekalia mtungi wake wa plastiki wa lita ishirini, ule wa manjano, kifuniko chake ni kigunzi.

"Si imeandikwa aliuacha mtungi akakimbia mjini kuwaambia watu?" akauliza.

Imeandikwa, nikamjibu.

"Na aliporudi aliukuta?"

Hilo halijaandikwa. Akina mama wakatazamana, kila mmoja akausogeza mtungi wake karibu na mguu.

Kuna mtu mmoja siku ile ambaye alisema "nakataa mchanga" kwa sauti kuliko wote, mikono juu, machozi yakimtoka. Ni shemasi. Jina simtaji kwa sababu nyumba yake inaonana na yangu. Usiku, kesha likipamba moto na masikio ya wanakijiji yakiwa yamezibwa na spika nne, kuna lori linalozima taa na kuteremka mtoni, na vijana wenye makoleo hulijaza. Alfajiri liko njiani kuelekea Nairobi. Jirani zetu wa Makueni walitunga sheria ya kulinda mchanga wao mwaka 2015, na hata huko walanguzi hawajaisha. Kwa hiyo simlaumu shemasi kwa unafiki. Ameukataa mchanga kwelikweli. Ameukataa tani kwa tani, na huko Nairobi umepokelewa, umechanganywa na saruji, umekuwa maghorofa, na nina hakika kabisa kwamba mhubiri mgeni analala orofa ya nne juu ya mto wetu.

Pasta nilimweleza haya yote. Safari hii hakuweka mikono nyuma. Aliniuliza ukuta mpya wa mtoni unajengwa lini.

Nikamwambia Alhamisi ni mwethya. Kwa wasiotujua, mwethya ni kazi ya pamoja: kila boma linatoa mtu, mtu anakuja na chombo chake, karai au koleo, anabeba mawe mpaka anaporuhusiwa kuacha. Daftari lipo hapo pia, lakini haliingii pesa ya sifa, linaingia nani amekuja na nani hayupo. Anayelishika ni katibu, mama mmoja mfupi ambaye hata chifu anapomwona huficha sigara.

Alhamisi tukaanza saa moja asubuhi. Pasta alifika saa tatu kasoro, amevaa gambuti mpya, amebeba Biblia na karai. Akasalimia kwa mkono kila mtu, akauliza kama angeweza kufungua kazi kwa neno la sala.

"Kazi ilifunguliwa saa moja," katibu akasema, hajainua macho. "Mmechelewa. Hamsini."

Pasta akaeleza kwamba alikuwa na kesha, hakulala.

"Na sisi tulikuwa na kesha lenu," katibu akasema. "Hatukulala. Tumefika."

Pale handakini kila mtu alijitia yuko kazini sana. Pasta akatoa simu, akatuma. Katibu akaisoma, akaandika kitu kidogo daftarini, akarudisha simu mfukoni. Pasta akasimama pale akingoja. Nadhani alikuwa anangoja jina lake lisomwe. Susu akamtwika karai la mawe, akamwonyesha kwa kidole pa kwenda kuyamwaga, na mtoto wa watu akashuka handakini kwa gambuti zake mpya zikipiga kelele kila hatua.

Mimi nilicheka. Si sana. Niliegemea koleo langu kidogo nikacheka, kama binadamu yeyote angecheka, na katibu akafungua daftari tena, akaniandikia ishirini kwa kusimama kazini. Nitaikatia rufaa.